NYUMBA IIMBAYO
Somo kwa wazazi na walezi wa watoto wadogo

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 31:19-22, Luka 1:36-45, Wakolosai 3:16.



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho kila nyumba inaweza kuwa nacho, wala hakinunuliwi dukani. Kitu hicho ni wimbo. Hatusemi habari za wimbo wa kwaya siku ya Jumapili, wala habari za muziki wa redio. Twasema habari za wimbo ambao mama, baba, bibi au dada anamwimbia mtoto mdogo nyumbani, na ngoma ya sufuria ambayo mtoto huyo anaipiga jikoni wakati uji unachemka.

Twasema hayo kwa sababu nyimbo hizi zinapungua katika nyumba zetu. Tazameni maisha ya mji wetu wa Arusha. Baba anatoka Moshono au Sakina alfajiri, anarudi usiku mtoto amelala. Mama anawahi sokoni Kilombero au Tengeru kabla ya jua kuchomoza. Bibi, ambaye zamani alikuwa mlango wa pili tu, yuko mbali huko Akeri, Poli au Ilkiding'a kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mtoto anabaki na msichana wa kazi, na msichana akielemewa na kazi humpa mtoto simu ili anyamaze. Mtoto ananyamaza kweli. Lakini kunyamaza siko kukua. Mtoto anayenyamazishwa siku nzima hajifunzi kusema, wala hajifunzi kusikiliza, wala hajui kwamba yuko mtu ambaye moyo wake humfurahia.

Basi katika somo hili tutatazama Neno la Mungu linatuonyesha nini, kisha tutatazama mambo ambayo wachunguzi wa watoto wameyaona, na mwisho tutaeleza namna ya kufanya, hatua kwa hatua.

1. Neno la Mungu latuonyesha nini?

Musa alipokuwa karibu kufa, Mungu alimwagiza aandike wimbo na kuwafundisha wana wa Israeli, autie vinywani mwao. Sababu yake imeelezwa pale pale: wimbo huo hautasahauliwa katika vinywa vya uzao wao. Angalieni jambo hili. Torati ilikuwa imekwisha kuandikwa, na tena ilikuwa isomwe mbele ya watu wote. Hata hivyo Mungu aliona kwamba jambo liimbwalo hukaa ndani ya mtu, likapita kwa mtoto na kwa mjukuu. Musa hakungoja. Siku ile ile aliuandika wimbo akawafundisha.

Twasoma pia habari za Daudi, aliyempigia Sauli kinubi, na moyo wa mfalme ukatulia (1 Samweli 16:23). Twasoma habari za watoto waliopaza sauti hekaluni, wakuu wakachukizwa, lakini Bwana Yesu akawatetea (Mathayo 21:15-16). Na nabii Sefania anatuonyesha Mungu mwenyewe akiwafurahia watu wake kwa kuimba (Sefania 3:17). Mzazi anayemwimbia mtoto wake, basi, hafanyi jambo dogo la kupitisha wakati. Anafanya jambo ambalo Mungu mwenyewe hulifanya kwa watoto wake.

2. Mtoto husikia tangu tumboni

Malaika alimwambia Mariamu kwamba Elisabeti yu katika mwezi wa sita. Mariamu akaenda kumwamkia, na sauti ya salamu ilipoingia masikioni mwa Elisabeti, mtoto akaruka tumboni mwake. Sisi twaamini kwamba hiyo ilikuwa kazi ya Roho Mtakatifu. Lakini yafaa mjue jambo moja ambalo waganga wa siku hizi wamelithibitisha: ni katika kipindi hicho hicho, karibu na mwezi wa sita wa mimba, ndipo mtoto anapoanza kuitikia sauti zinazomfikia kutoka nje.

Mwaka 1980 wachunguzi wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwajaribu watoto wachanga 10 ambao hawajamaliza siku 3 tangu kuzaliwa. Kila mtoto alipewa chuchu ya mpira, na kwa namna alivyonyonya aliweza kuchagua asikie sauti ya mama yake au sauti ya mama mwingine. Watoto wale walinyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama zao. Hawakuwa wamepata muda mwingi wa kujifunza sauti hiyo baada ya kuzaliwa. Waliijua tangu tumboni.

Kwa hiyo mama mjamzito asione haya kuimba anapochuma mboga au anapofua. Tayari anaye msikilizaji. Na baba akae karibu, aimbe naye.

3. Wimbo wafanya kazi gani kwa mtoto?

Kwanza, wimbo hufungua lugha. Mtu anaposema upesi, maneno humfikia mtoto kama maji ya mto, yote pamoja. Anapoimba, maneno hukatwa vipande vipande, na kila kipande hurudiwa. Mwaka 2016 Christina Zhao na Patricia Kuhl wa mji wa Seattle, Marekani, walitoa habari za watoto 39 wa miezi 9. Baadhi yao walikuja na wazazi wao mara 12 katika mwezi mmoja, dakika 15 kila mara, wakacheza kwa kufuata mapigo ya muziki. Wengine walicheza na vitu vya kuchezea tu, pasipo muziki. Baadaye ilionekana kwamba ubongo wa wale waliocheza na muziki ulitambua kwa nguvu zaidi pale mapigo yalipokosewa, na si katika muziki tu, bali katika maneno ya kusemwa pia. Mtoto anayejifunza kungojea pigo lijalo anajifunza pia kungojea neno lijalo.

Pili, wimbo hutuliza. Katika Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, watoto wa miezi 6 hadi 9 walisikilizishwa maneno ya kusemwa na nyimbo, nyimbo zenyewe zikiwa za Kituruki, lugha wasiyoijua. Waliposikia kusema walikaa muda wa dakika 4 hivi kabla ya kuanza kulia. Waliposikia kuimba walikaa karibu dakika 9. Mama aliye na mtoto mgongoni na chungu motoni anajua thamani ya dakika hizo 5.

Tatu, wimbo hufundisha ushirika. Huko Leipzig, Ujerumani, watoto 96 wa miaka 4 walichezeshwa wawili wawili, baadhi kwa kuimba na kupiga ala pamoja, na baadhi kwa mchezo ule ule pasipo muziki. Katika habari zilizotolewa mwaka 2010 ilionekana kwamba wale walioimba pamoja walikuwa wepesi zaidi kusaidiana mmoja wao alipopatwa na shida. Wazee wetu walilijua jambo hili bila kupima. Ndiyo maana walilima wakiimba, wakatwanga wakiimba.

Nne, wimbo humsaidia hata mama. Wako akina mama katika parishi yetu ambao baada ya kujifungua huingiwa na huzuni nzito, wakaona aibu kuieleza, wakidhani ni upungufu wa imani. Sivyo. Ni ugonjwa, nao watibika. Mwaka 2018 ilitolewa habari ya akina mama 134 wa Uingereza waliokuwa na dalili za huzuni hiyo. Wale waliokuwa wameelemewa zaidi, waliopewa nafasi ya kukutana kwa wiki 10 na kuimba pamoja na watoto wao wachanga, walipata nafuu upesi kuliko wale waliopata huduma za kawaida tu. Wimbo hauchukui mahali pa mganga. Mama wa namna hiyo apelekwe hospitali. Lakini asiachwe peke yake nyumbani. Wanawake wa Umoja wa Akina Mama waendapo kumtazama mzazi, pamoja na uji na kuni, wampelekee na wimbo.

4. Haihitaji muziki wa kununua

Hapa yafaa tuonyane. Wako watu wanaouza kanda na programu za simu, wakisema kwamba muziki fulani wa Ulaya utamfanya mtoto awe na akili nyingi. Habari hiyo ilianzia mwaka 1993 huko California. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu, watu wazima, walisikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, kisha wakajibu vizuri zaidi maswali fulani ya kukunja na kukata karatasi. Nafuu hiyo ilidumu kadiri ya robo saa, ikaisha. Hakuna mtoto mchanga hata mmoja aliyejaribiwa. Hata hivyo habari ilikuzwa, na mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, aliomba fedha za serikali ili kila mtoto anayezaliwa apewe muziki wa namna hiyo.

Muziki wa Mozart ni mzuri, wala hatuukatazi. Lakini kinachomkuza mtoto ni mtu anayemtazama usoni, anayemwimbia, akangoja, akamsikiliza akijibu kwa kicheko au kwa kupiga mguu, kisha akamwimbia tena. Serikali yetu, katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021, iliyaita haya malezi yenye mwitikio, ikayahesabu pamoja na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Simu haiwezi kumwitikia mtoto. Inaimba vile vile, mtoto awe amecheka au amelia.

Shirika la Afya la Dunia, katika maagizo yake ya mwaka 2019, lilisema kwamba mtoto aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha televisheni au cha simu, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni heri.

Na wewe usemaye, "Mimi sina sauti nzuri," usiogope. Mtoto hakuweki katika mashindano ya kwaya. Sauti anayoipenda kuliko zote duniani ni yako.

5. Namna ya kufanya, kwa kadiri ya umri

Tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Mbebe mtoto hata uso wako uwe karibu na wake. Imba polepole, wimbo mfupi, na uurudie mara nyingi. Mpatie wimbo mmoja wa kuoga na mwingine wa kulala, wala usibadilishe ovyo, kwa maana mtoto hupata amani anapojua ni jambo gani linalofuata. Akitoa sauti, "aa" au "guu", nyamaza, msikilize, kisha mrudishie sauti ile ile. Hayo ndiyo mazungumzo yake ya kwanza.

Miezi 6 hadi mwaka. Mkalishe magotini umchezeshe kwa mapigo ya wimbo. Mfundishe kupiga makofi. Mbebe mgongoni kwa kanga ucheze naye, ili mapigo yaingie mwilini mwake. Huko Hamilton, Kanada, mwaka 2014, ilionekana kwamba watoto wa miezi 14 waliochezeshwa sawasawa na mtu mzima aliyekuwa mbele yao walikuwa wepesi zaidi kumwokotea kitu alichokiangusha kuliko wale waliochezeshwa bila kupatana naye.

Mwaka 1 hadi miaka 3. Huu ndio wakati wa nyimbo za vitendo: macho, pua, masikio, vidole. Tungeni wenyewe nyimbo za kazi za kila siku. Kwa mfano, wakati wa kunawa mikono:

Maji, maji, shuka mkononi,
Vumbi, vumbi, rudi barabarani!

Mkiisha kuuimba kwa siku kadhaa, imba mpaka karibu na mwisho kisha unyamaze: "Vumbi, vumbi, rudi..." Mtazame mtoto kwa furaha, umngoje. Siku moja atalitamka neno lile mwenyewe, hata likiwa nusu. Wala usimcheke akikosea. Lirudie neno kwa usahihi, mwendelee.

Miaka 3 hadi 6. Sasa mfundishe kupokezana: mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Hapo mtoto anajifunza kungoja zamu yake, jambo ambalo watu wazima wengi limewashinda. Chezeni michezo ya duara uani. Tena pigeni makofi kwa kufuata majina yenu: Ne-e-ma, makofi matatu, Yo-ha-na, matatu, E-li-ba-ri-ki, matano. Mchezo huu waonekana ni wa kuchekesha tu, lakini una faida kubwa. Kiswahili chetu husomwa kwa silabi, na mtoto ambaye amekwisha kuzigawa silabi kwa mikono yake hatapata taabu nyingi mwalimu atakapoandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu.

Muda gani kwa siku? Dakika 10 za kweli zatosha kwa kuanzia: 5 asubuhi wakati wa kunawa na kuvaa, 5 usiku kabla ya sala ya kulala. Msichana wa kazi naye afundishwe nyimbo hizo, na aulizwe za kwao ni zipi. Mkimheshimu na kumfurahisha, ataimba. Mtu anayetukanwa kutwa haimbi.

6. Ala za nyumbani

Hakuna haja ya kununua. Debe au ndoo iliyogeuzwa ni ngoma. Vifuu viwili vya nazi hugongana vizuri. Mianzi miwili mifupi, iliyolainishwa ncha, ni ala tayari. Chupa ndogo ya maji iliyotiwa punje za mahindi au maharage ni kayamba ya mtoto.

Lakini mwe na uangalifu. Kifuniko cha chupa kifungwe kabisa kwa gundi na kuzungushiwa utepe wa kunata, maana punje ya haragwe ikitoka huingia puani, sikioni au kooni, na ikiingia kooni yaweza kuua. Mtoto asikimbie na kijiti mdomoni. Msipige debe wala filimbi karibu na sikio lake. Na vile vitu vya kuchezea vya dukani vinavyoimba vyenyewe, vyenye betri ndogo za duara mfano wa kifungo, viangalieni sana. Betri hiyo ikimezwa huunguza koo na tumbo kwa muda mfupi, na mtoto hana budi kukimbizwa hospitali saa ile ile.

7. Nyimbo za wazee na lugha zetu

Katika parishi yetu mna Wameru, Waarusha, Wachaga, Wairaqw, Wagogo, Wapare na wengine wengi, na mara nyingi baba na mama hawatoki kabila moja. Wazazi wengine wanauliza, "Je, tukimwimbia Kimeru na Kiswahili pamoja, hatachanganyikiwa?" La. Watoto wengi duniani hukua na lugha mbili au tatu, nao huzijua zote, ili mradi wanazisikia kutoka kwa watu wanaowapenda. Bibi na aimbe kwa lugha yake. Akiondoka bila kuimbiwa nyimbo hizo wajukuu wake, zitaondoka pamoja naye, na hakuna chuo kitakachozirudisha. Hapa ndipo simu yaweza kutumika vizuri: mwendapo kumwona bibi, mrekodini akiimba, kisha mjifunze wenyewe mkamwimbie mtoto kwa kinywa chenu.

Wengine wanauliza, "Je, nyimbo za zamani zafaa nyumba ya Kikristo?" Tuzipime. Wimbo unaomtisha mtoto kwa fisi au zimwi ili alale, tuuache, maana usingizi wa hofu si usingizi. Wimbo wenye matusi au wa kudharau kabila jingine, tuuache. Lakini tuni njema ni zawadi ya Mungu kwa wazee wetu. Jirani zetu wa Makumira, karibu na Usa River, wametupa mfano. Huko katika miaka ya 1960 Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa kutoka Bukoba, alitunga wimbo wa Pasaka katika tuni ya Kihaya, na mwalimu wake, Howard Olson, Mmarekani aliyekusanya tuni nyingi za makabila yetu, akautia katika Kiingereza. Leo wimbo huo unaimbwa Ulaya na Amerika. Ikiwa tuni ya Buhaya yaweza kumsifu Kristo mbele ya mataifa, tuni ya Meru haishindwi kumlaza mtoto katika jina lake.

Tuwakumbuke pia Wagogo, ndugu zetu Waanglikana walio wengi huko Dodoma. Kwao wanawake ndio wapigao ngoma za muheme, na watoto hukua wakiziona na kuzisikia. Hakuna mtu aliyewaandikia ratiba ya somo. Walikuwapo tu, karibu, wakaruhusiwa kujaribu.

8. Mtoto asiyegeuka

Sasa twasema neno zito, na twawaomba wazazi walisome mara mbili. Nyumba inayoimba hugundua mapema mtoto asiyesikia. Mtoto mchanga hushtuka kwa mlio wa ghafula. Akifikia miezi 6 hivi, hugeuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Mkiimba au mkitikisa kayamba nyuma yake, naye hageuki, tena si mara moja bali mara kwa mara, msingoje. Msiseme, "Atasikia tu, hata baba yake alichelewa." Msiseme amerogwa. Mpelekeni Hospitali ya Mount Meru, au hospitali nyingine iliyo karibu, apimwe masikio. Vivyo hivyo mtoto ambaye sikio lake linatoa usaha: msimtie mafuta ya moto wala maji ya majani, bali mpelekeni atibiwe, maana usaha wa muda mrefu huharibu usikivu. Na kila mwezi unaopita bila kujua ni mwezi ambao lugha haikuingia.

Na ikionekana kwamba mtoto ni kiziwi, msimwondoe katika wimbo wa nyumba. Mwekeni mkono wake juu ya ngoma ahisi mtetemo. Mkalisheni kifuani pa baba anapoimba. Imbeni kwa mikono na kwa uso, na mjifunze lugha ya alama pamoja naye mapema. Ziko shule za watoto viziwi, kama ile ya Mwanga katika mkoa wa Kilimanjaro. Mtoto huyo naye ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na sifa zake zinasikika mbinguni hata kama sisi hatuzisikii.

9. Neno kwa akina baba

Mithali yetu husema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Haikusema mama peke yake. Agizo la Kumbukumbu la Torati 6:7, kuwafundisha watoto uketipo nyumbani na utembeapo njiani, uondokapo na ulalapo, lilitolewa kwa Israeli yote, nao wanaume wako ndani yake. Na aliyempigia Sauli kinubi alikuwa mwanamume, tena mwana vita.

Twajua ya kuwa baba wengi wa Arusha ni madereva na waongozaji wa watalii, nao hukaa Serengeti na Ngorongoro siku 6 au 7 bila kurudi. Baba huyo na achague wimbo mmoja uwe wake, ambao mtoto anausikia kwake tu. Awapo nyumbani amwimbie kila jioni. Awapo safarini, simu ikipata mawimbi, amwimbie huo huo kwa dakika 2. Mtoto aliye na wimbo wa baba anajua kwamba anaye baba, hata kitanda kikiwa kitupu.

Maswali ya kujadili katika mitaa yetu

1. Kwa nini Mungu alimwagiza Musa afundishe wimbo, wakati Torati ilikuwa imeandikwa? Hilo latufundisha nini juu ya watoto wetu?
2. Taja wimbo mmoja ulioimbiwa ulipokuwa mdogo. Nani alikuimbia? Je, watoto wako wanaujua?
3. Katika nyumba yako, mtoto hutumia muda gani na simu au televisheni, na muda gani akiimbiwa na mtu?
4. Je, yuko mama katika mtaa wetu aliyejifungua hivi karibuni, naye yu peke yake? Nani atakwenda, na lini?
5. Je, yuko mtoto ambaye twamshuku hasikii vizuri? Twawezaje kuwasaidia wazazi wake wafike hospitali?

Kazi ya mwezi huu

Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 6 ichague nyimbo 3: mmoja wa kunawa, mmoja wa kucheza, mmoja wa kulala. Mmoja kati ya hizo uwe wa lugha ya wazee. Nyumba isiyo na mtoto mdogo imtafute mtoto wa jirani, au imwendee bibi mmoja wa parishi na kumwomba afundishe wimbo wake.

Sala

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetuumba masikio kabla ya kutufundisha kusema, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Utupe muda wa kuwatazama, na uvumilivu wa kuwasikiliza. Uwafariji akina mama walio na huzuni, uwarudishe salama akina baba walio safarini, uwafungulie njia watoto wasiosikia. Utie wimbo wako vinywani mwetu, na kutoka vinywani mwetu uingie mioyoni mwa watoto wetu, wakae nao siku zao zote. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.